Kivuli cha Kaka

Mti alionipandia marehemu baba ulianza kufa wiki mbili baada ya mimi kushinda ugomvi. Someni mpaka mwisho, halafu mniambie mjinga ni nani.

Mimi ni fundi cherehani. Baba alinipandia msonobari mdogo nyuma ya nyumba, kwenye kona ya ukuta. Majani kama sindano zangu, kijani mwaka mzima.

Shida ilikuwa jirani. Na jirani ni kaka yangu, tumbo moja!

Mparachichi wake ulivuka ukuta ukaufunika msonobari wangu. Miaka mitatu, wangu umefika gotini tu. Nilichemka.

"Kata mti wako, kaka. Unaninyima jua."

"Dada, ule msonobari..."

"Usinipangie! Kata!"

Nikamshtaki kwa shangazi. Nikalia, nikapiga meza. Shangazi akaamua ukatwe.

Kaka hakubisha. Aliukata mparachichi hadi kisiki, wanawe wakitazama. Hakunisemesha tena.

Mimi? Nilipiga vigelegele, jamani.

Wiki mbili baadaye majani ya msonobari yakawa kahawia. Nikigusa tu, yanapukutika.

Ametia sumu huyu! Nikakata tawi, nikaenda nalo mbiombio kwa muuza miche aliyemuuzia baba. Nilitaka ushahidi nimwaibishe mtu.

Mzee wa miche akaligeuzageuza.

"Hakuna sumu hapa. Limeungua na jua. Aina hii hukulia kivulini, tena polepole. Baba yako nilimwambia. Akacheka, akasema pahali anapo, kaka mtu atamkinga mdogo wake."

Nikashika njia ya nyumbani na tawi langu.

Nilipofika nyumbani nilimkuta kaka uani kwangu, amesimama juu ya stuli. Amechomeka fito nne ndefu, anafunga shuka kuukuu juu ya msonobari.

"Kumbe ulijua?"

"Shimo nilichimba na baba. Nilitaka kukwambia, ukanikata kauli."

Hasira yangu yote ilinirudia mwenyewe. Nilitamani kujizaba makofi.

"Shika pembe hiyo," akasema, bila kunitazama.

Nikashika.

Ndugu zangu, hasira hasara tunaimba tangu utotoni. Mimi nawaongezea hili: mwache mtu amalize kusema, hata kama unajua atakachosema. Hujui.

Msonobari umetoa vichipukizi viwili. Kila asubuhi navihesabu, kisha nachungulia ng'ambo ya ukuta.

Kisiki cha kaka bado hakijatoa kitu.