Kiwanda Kilichopika Moshi

Harufu ya sabuni ndiyo iliyokuwa ikiniamsha utotoni, kabla ya jogoo na kabla ya king'ora cha kiwanda. Tuliishi Kigali, mlimani juu ya bonde la viwanda, na mafuta ya mawese yalipoanza kuchemka kule chini, harufu yake nzito ilipanda pamoja na ukungu ikaingia hadi ndani ya blanketi. Asubuhi moja ya mwaka tisini na tatu nilisikia king'ora, nikauona moshi, lakini harufu haikuja. Shule ilikuwa kushoto, bonde lilikuwa kulia. Nikashika njia ya kulia, bila kujua naenda kutafuta nini. Miguu yangu ilianza tabia hiyo siku ile, na mpaka leo haijaiacha.

Baba alikuwa mpiga chapa kiwandani; kila mche wa sabuni ulipita chini ya mkono wake. Mama alikwisha fariki, na aliyeninyoa nywele kila Jumapili ni jirani yetu Mama Odeta, mkata miche, aliyekaa meza moja na Baba. Vita vilipofunga barabara ya kaskazini, malighafi haikupita tena, na wenye kiwanda wakataka kukifunga. Hapo burugumesita, mkuu wa komini, yaani wilaya yetu, akakaa nao mezani. Wao wangesamehewa kodi na kuongezewa kiwanja. Yeye angehakikishiwa kwamba kila nafasi ya kazi itabaki na mtu, king'ora kitalia na moshi utaonekana. Alipanda juu ya lori akatangaza kwamba hakuna kazi hata moja itakayopotea. Wafanyakazi walimwimbia na kumchezea, Baba akiwa mstari wa mbele. Nami nilipiga makofi hadi viganja vikaniwasha, maana chumba tulichokaa kilikuwa cha kiwanda. Kazi ikienda, na sisi tunakwenda.

Asubuhi ile nilichungulia kwenye tundu la ukuta wa mabati. Tanuri lilikuwa likila maganda ya kahawa, na juu yake pipa kubwa lilichemka maji matupu. Mama Odeta alivuta waya wake wa kukatia, akaupitisha hewani, akaurudisha. Baba aliinua chapa, akaishusha juu ya mbao tupu. Tok. Akaiinua tena. Wote walifanya hivyo, wamevaa ovaroli zao safi, bila kuongea. Debe tupu haliachi kuvuma, wahenga walisema, lakini sikuwahi kuona watu wakilitumikia debe kwa adabu namna ile.

Jioni Mama Odeta, aliyekuwa ameniona tunduni, alinikamata sikio. "Umeona jiko yetu? Moshi iko, sabuni haiko. Baba yako iko napiga chapa upepo."

"Wewe je?" Baba akamjibu. "Si unaukata vipande?"

Wakacheka mpaka Mama Odeta akafuta machozi kwa kitenge. Lakini tulipokula, mkono wa Baba uligonga ukingo wa sahani polepole, tok, tok, na mwenyewe hakuwa na habari.

Kiwandani kulikuwa na desturi moja nzuri. Kila asubuhi langoni msimamizi aliita majina, yote akiyajua kwa ghibu. Mtu akiwa mgonjwa au amefiwa, mwenzake wa mezani alimwitikia, "Yupo," asije akakatwa siku. Ulikuwa wema wa zamani, na karibu kila mtu alikwisha upokea. Mvua za vuli zilipoanza, Mama Odeta hakuonekana. Mlango wake ulifungwa kwa kufuli upande wa nje, na kitenge chake kilibaki kimeanikwa juu ya ua wa minyaa, kikalowa, kikakauka, kikalowa tena. Wengine walisema amekwenda kwa kaka yake upande wa Kanombe. Wengine, ukiwauliza, waligeuza uso. Langoni jina lake lilipoitwa, Baba aliitika. Kesho yake aliitika tena. Kitenge kilipoanza kupauka, msimamizi alimvuta pembeni akamwambia, "Endelea hivyo hivyo, mzee. Nafasi ikionekana wazi, mapatano yamevunjika, na sote tunarudi kulima."

Baadaye wakakosekana wengine. Sikwenda tena shule. Nilisimama kando ya lango nikisikiliza. Ovaroli zilining'inia kwenye misumari, zimefuliwa, na mbele yake majina yaliitwa na kuitikiwa, moja baada ya jingine, yakizidi midomo.

"Baba," nilimwuliza tukiwa tunamenya viazi, "siku wewe usipofika, nani atakuja kukutafuta?"

Mkono wake, uliokuwa ukigonga ukingo wa sufuria, ukasimama.

"Wataniitikia," alisema. "Wataniitikia vizuri tu."

Kulipokucha, jina la Mama Odeta lilipoitwa, Baba alinyamaza. Kisha nyuma kabisa sauti nzito ya mwanamume ikasema, "Yupo." Msimamizi akaendelea na jina linalofuata. Baba akavua ovaroli, akaitundika kwenye msumari wake, akanishika mkono. Hakuniambia tunakwenda wapi, na nadhani hakujua. Tulipanda gari la kwanza lililoelekea mashariki.

Miezi michache baadaye nchi nzima ilikuwa na majina mengi kuliko watu. Nimerudi Kigali mara kadhaa tangu hapo. Bonde limesafishwa, moshi hakuna, na bado namwona kiongozi fulani akisimama kando ya mashine mpya na wenye kampuni, akiahidi kazi, watu wakimshangilia. Nami hupiga makofi, kwa kuwa kazi ni ugali wa mtu. Lakini macho yangu hutafuta nafasi yenyewe, na mtu aliyeikalia. Nimelala katika vyumba vya kupanga vya miji mingi, na kila ninapofika, kwanza nanusa hewa.

Chumba cha kwanza kilikuwa Ngara, ng'ambo ya daraja la mpakani la Rusumo, kwa mama mmoja aliyekuwa akifua uani. Povu lilikuwa limemfika viwikoni, na harufu yake ilinifanya nisimame mlangoni. Alimwuliza Baba jina lake, Baba akamwambia. Kisha akanitazama.

"Na huyu?"

Baba alitaka kunijibia, halafu akanisogeza mbele.

"Mwulize mwenyewe," alisema. "Yupo."