Mwikali na Karatasi Zilizoharibika

Watu wa Mwala walimbandika Mwikali jina la Alizaliwa, naye hakuwahi kulikataa. Kwa miaka ishirini, akiwa katibu wa kanisa, ndiye aliyewaandikia majirani wasifu wa marehemu wao, na kila wasifu ulianza kwa neno hilo: alizaliwa mwaka fulani, akasoma shule fulani, akapenda watu wote, akaugua, akapumzika. Waombolezaji walioketi nyuma walilitamka neno lenyewe kabla msomaji hajafungua kinywa.

Dada yake Nduku alipofariki, kalamu ilimgomea. Mazishi yalipangwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, na maandishi yalitakiwa kwa Hafso, mwenye duka la fotokopi, kufikia Alhamisi saa sita mchana. Siku tatu Mwikali aliketi mbele ya karatasi yenye neno moja tu. Alijua kilichomzuia. Miaka mitatu nyuma, walipotoka kumzika mama yao, Nduku alimtupia mapajani programu ya mazishi aliyoiandika. "Huyu ni mtu yeyote. Mama ako wapi hapa?" Hawakusemezana tena. Sasa Mwikali aliogopa kumtenda Nduku vilevile, na safari hii hapangekuwa na wa kumkemea.

Jumamosi ya wiki hiyo alikwenda kumwambia Hafso atafute mwandishi mwingine.

"Wewe Alizaliwa, umeshindwa?" Hafso alicheka, kisha akauona uso wake, akaacha. "Biro ikikataa kuandika, unafanya nini?"

"Nachorachora kwa karatasi ya kutupa mpaka wino ushuke."

"Basi na wewe chorachora. Kila asubuhi, dakika ishirini. Usifute, usisome. Karatasi za kutupa niko nazo hapa."

Alimpa bunda la nakala zilizoharibika. Nyumbani Mwikali alizigeuza, akakuta ni kazi yake mwenyewe: wasifu wa watu waliokwisha kuzikwa, mistari ileile, majina tofauti. Angeandika migongoni mwao.

Jumapili kabla ya ibada aliandika "sijui niandike nini" mpaka ukurasa ukajaa. Jumatatu alimlalamikia kuku aliyetagia kitandani. Jumanne mkono ulianza kuandika matusi aliyoyatoa Nduku, neno kwa neno, lakini Mwikali hakufuta. Jumatano, dakika zikiwa karibu kwisha, mkono ulifika mtoni. Kila kiangazi Nduku alifukua shimo la maji katika mchanga wa mto mkavu, akalizungushia miiba, akamfokea kila aliyeleta ng'ombe karibu. Na kila alfajiri, kabla mtu hajaamka, alikuwa ameshalisafisha, ili walewale aliowatukana wakute maji safi.

Mwikali aliyanakili hayo bila kuongeza sifa hata moja. Alhamisi asubuhi alichorachora tena dakika zake ishirini, kisha akaupeleka ukurasa dukani kwa Hafso, sokoni.

Ndolo, mume wa marehemu, aliusoma ukurasa akiwa amesimama kwenye kaunta ya Hafso. Mshipa wa shingo ulimtoka.

"Shemeji, unataka kanisa lote lisikie bibi yangu alikuwa mkali?"

"Kwani alikuwa mpole?"

"Andika vile unaandikianga watu. Alipenda watu wote."

"Nikiandika hivyo, shemeji, tutakuwa tumezika mtu mwingine."

Hafso alitazama saa. Sita kasorobo. Mashine ilinguruma bila karatasi. Ndolo alisoma tena, polepole, midomo ikicheza. Mwikali akashika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili.

"Hujaweka siku alifunga punda wangu," Ndolo alisema hatimaye.

"Alimfunga?"

"Siku mbili! Ati amekojoa karibu na shimo." Kicheko kilimtoka, kikageuka kikohozi, naye akaugeukia mlango. "Weka. Weka na punda."

Mwikali aliongeza sentensi hiyo, Hafso akachapa. Kisha Mwikali akavuta kiti cha plastiki, akazikunja programu moja baada ya nyingine zikiwa bado na joto la mashine. Akaikunja ya mwisho, akaibana kwa pini mbili, akaiweka juu ya nyingine.