Vyuma vya Pembeni

Kathini, askari magereza aliyepanga chumba Makina, Kibera, alitaka sana nafasi katika timu ya kulenga shabaha. Lakini jicho lake la kulia lilikuwa limeingia ukungu, na bega alilolizoea kwa bunduki lilikuwa la kulia. Alihitaji vyuma vya kulengea vinavyokaa pembeni mwa mtutu, upande wa kushoto, mbele ya jicho zima.

Mafundi walijaa Kibera. Yeye akaenda Kawangware kwa fundi Mutinda, kwa sababu walitoka kijiji kimoja Kitui, na aliamini mtu wa nyumbani hatoi siri. Bunduki haikuruhusiwa kutoka kambini, basi Mutinda alivifunga vyuma kwenye mpini wa jembe. Kathini aliuegemeza begani, akajaribu jozi mbili. Ile nyembamba ilimpotea machoni, akachagua nene.

“Dada, wengine hutaka upande wa kulia.”

“Jicho la kulia limeisha. Na siri hiyo ibaki hapa.”

“Kwani mimi ni redio?”

Siku ya mchujo, kabla hajafyatua risasi hata moja, mkubwa wake alimwambia afunike jicho la kushoto asome namba ubaoni. Hakuweza. Nafasi alipewa Kalondu, askari mwenzake aliyekuwa binamu ya Mutinda.

Jioni Kathini alimkuta Mutinda akisugua chuma kwa tupa.

“Kalondu ni mtoto wa mama mdogo,” Mutinda alisema bila kuinua uso. “Ungekuwa wewe ungefanyaje?”

Kathini alimjibu kwa Kikamba, polepole, kwamba yeye angenyamaza. Kisha akarudi Kibera kwa miguu.