Gari Lililoondoka Likiwa Bado Steji

Jambo hili lote liligharimu shilingi laki moja na elfu themanini na nne, miezi tisa, na dakika kumi na moja. Pesa ni zangu, na nimezihesabu mara mbili. Miezi ni yangu pia. Dakika zilikuwa za mtu mwingine, na hizo sina namna ya kuzirudisha.

Pesa zilikwenda kwa programu ya simu. Nilitaka wenye magari wa mitaa ya Tena na Umoja, hapa Nairobi, wayaache nyumbani, waende mjini kwa gari la abiria. Asubuhi moja nilihesabu magari kumi barabarani nikakuta vichwa kumi na viwili ndani yake, na moshi wa kukausha mbuzi wote wa machinjio ya Kiamaiko. Abiria angepiga picha alama iliyobandikwa mlangoni mwa gari, programu ingemwandikia pointi, na pointi zikitosha zingegeuka kredo ya simu. Pia ingewaambia walio nyumbani gari limebakiza viti vingapi. Picha zikifika thelathini na tatu, idadi ya viti vyote, ingeandika: limejaa, limeondoka.

Mwezi wa pili nilikuwa na watumiaji mia mbili na kumi na mmoja. Nilijisifu siku mbili. Siku ya tatu nikahesabu tena: mwenye gari alikuwa mmoja. Wengine wangepanda hata bila mimi, na wachache kutoka Mathare, waliozoea kwenda kazini kwa miguu, walikuwa wameanza kupanda kwa ajili ya pointi. Moshi wa hao nilikuwa nimeuongeza mwenyewe.

Huyo mmoja alikuwa jirani yangu wa orofa ya tatu, mama wa makamo kutoka magharibi mwa nchi, karani katika ofisi ya bima. Gari lake kuukuu lilikuwa limemchelewesha hadi akapewa barua ya onyo. Akichelewa tena, aliambiwa, atakwenda kwenye kikao, na kikao hicho kinafuta watu kazi. Nilimbembeleza ngazini wiki nzima. Mwisho tukapatana: ataliacha gari siku thelathini. Akifaulu, mkubwa wake, aliyekuwa amenisikiliza mara moja kwa adabu, angewapa programu yangu wafanyakazi wake wote wenye magari. Watu arobaini. Moshi wenyewe ndio huo.

Siku ya kumi na tisa, saa moja asubuhi kasoro dakika nane, simu yangu ililia.

"Wewe kijana, simu yako inasema nimeondoka."

"Ndiyo, Mama. Gari limejaa saa moja kasoro kumi. Safari njema."

"Safari njema gani? Niko hapa steji. Kama nimeondoka, huyu unayeongea naye ni nani?"

Nilikimbia na viatu ambavyo sijavifunga. Gari lilikuwepo. Niliweka kiganja ubavuni mwake, baridi, injini imezimwa, huku simu katika mkono wa pili ikiniambia limeshaondoka. Nikahesabu vichwa madirishani: thelathini na tatu. Nikahesabu tena, safari hii kutoka mlangoni, nikitazama mapaja na miguu. Ishirini na wanne walikuwa na mikoba na vyakula vyao vya mchana. Tisa hawakuwa na kitu. Mmoja alivaa ndara, na sijaona mtu akienda ofisi ya mjini na ndara katika baridi ya Julai.

Wajaza viti. Steji huwalipa wakae ndani ili gari lionekane limebakiza kidogo, na abiria wa kweli waharakishe kuingia. Abiria akija, mmoja wao anateleza nje kimyakimya. Mimi mwenyewe nilipomaliza shule nilikalia viti hivyo wiki tatu, kwa chai na chapati. Nikaja kutengeneza programu nzima ya kuhesabu abiria, nikasahau kazi yangu ya kwanza. Kwa asubuhi hiyo pekee, hao tisa walikuwa wameshapiga picha magari matano: safari arobaini na tano, bila hata kuvuka barabara.

Niliwapiga picha, nikamwendea msimamizi wa steji, jamaa wa koti la mvua na filimbi.

"Niaje, fundi wa pointi."

"Poa. Hawa tisa wanashukia wapi?"

"Hawashukii popote. Hawa ni wafanyakazi."

"Wameniandikia safari arobaini na tano leo."

"Basi ndio wateja wako bora. Waongezee kredo."

"Sikiza. Toa hili gari sasa hivi. Viti tisa nalipa mimi."

"Mia kila kiti."

"Hamsini. Na njiani utapakia wengine kwenye viti nilivyolipia. Nakujua."

"Unanijua, halafu unanipa hamsini? Tisini na tano."

Mama alikuwa dirisha la tatu, akigonga kioo kwa pete. "Lipa, kijana! Lipa, nitakurudishia!"

Nilimwinulia kidole, kwamba asubiri kidogo, kwa sababu tulikuwa tumefika themanini na niliona usoni mwa yule jamaa kwamba sabini ipo. Na kweli ilikuwepo. Makanga wa gari alipiga bodi kwa kiganja, gari likaondoka saa moja na dakika kumi na sita. Nilibaki pale nimeridhika, nimeokoa shilingi mia mbili na sabini.

Alifika ofisini saa mbili na dakika saba. Daftari la kutia sahihi hufungwa saa mbili kamili.

Jioni nilifungua simu. Picha ya wale tisa: saa moja na dakika tano. Ujumbe wa malipo: saa moja na dakika kumi na sita. Dakika kumi na moja za kutafuta sabini. Zitoe, na Mama anafika akiwa na nne za kuvuta pumzi. Programu ilimdanganya, sikatai, lakini gari lilikuwa tayari kuondoka tangu nilipoambiwa mia.

Jana, Alhamisi, alikuja mlangoni kwangu. Alikataa kiti.

"Sitaki pole. Mkubwa anataka rekodi ya safari kutoka kwa hiyo mashine yako. Kikao ni Jumatatu."

"Mama, hiyo rekodi..."

"Najua inasemaje. Inasema nilipanda gari la saa moja kasoro kumi. Wataniuliza nilishukia wapi kunywa chai."

"Niandike barua?"

"Useme nini? Kwamba mashine inadanganya, au kwamba mimi nagonga kioo na wewe unanunua viti kama nyanya?"

Alipanda ngazi akishika ukuta. Ana wawili sekondari, na mshahara ni huo mmoja.

Naweza kufungua programu niandike saa moja na dakika kumi na sita. Rekodi itasema kweli, lakini nitakuwa nimeighushi, na ofisi ile ina watu wa kompyuta. Wakigundua imeguswa, watasema yeye ndiye aliyenituma. Au niandike barua yenye kila kitu, wajaza viti na mapatano yangu. Hapo magari arobaini nimeyaaga, maana nani ataamini programu inayosema gari limeondoka na wewe umelishika? Barua nimeshaianza. Kila nikifika kwenye zile dakika kumi na moja, mkono unaandika "tukachelewa kidogo", na ninafuta.

Leo ni Ijumaa. Wewe uliyewahi kukaa upande wa wakubwa kwenye kikao kama hicho, niambie: barua ya namna hii kutoka kwa jirani inamwokoa mfanyakazi, au inamzamisha zaidi? Nijibu kabla ya Jumapili jioni, nipate muda wa kuichapa.