Rejeta ya Oili kwenye Gari la Bi Zuhura

Nakumbuka mchana mmoja wa Jumatatu, mwanangu, nikiwa nimesimama kando ya Barabara ya Uhuru, karibu na soko la Karume, nikimtazama Bi Zuhura akibebwa. Wapagazi wawili walikuwa wamemtoa kwenye gari lililokuwa likifuka moshi, mmoja amemshika kwapani, mwingine miguuni, wakamvusha barabara mbele ya watu wote. Hakuumia. Lakini gari lile nililijenga mimi, na nililijenga kwa sababu moja tu: asibebwe tena.

Ngoja nikueleze kwa utaratibu, maana nawe umeanza kushika spana.

Bi Zuhura alikuwa fundi wa kushona nguo, ana duka lake dogo Kariakoo, nyuma ya Mtaa wa Msimbazi. Polio ilimpata utotoni, akawa anatembea kwa magongo na kushona kwa cherehani ya mkono. Alikaa Buguruni. Kila asubuhi alinyanyuliwa kuingia kwenye basi, na akifika alinyanyuliwa kushuka. Miaka mingi hiyo.

Mimi nilikuwa kijana kwenye gereji ya Mzee Ligunda, pale Gerezani. Familia moja ya Kihindu ya Kisutu, wateja wa Bi Zuhura, walikuwa na gari dogo ambalo kijana wao aliliagiza likiwa vipande ili aliunganishe mwenyewe, kisha akahamia ng'ambo. Fremu ya mabomba, bodi nyepesi, viti viwili, injini hakuna. Wakampa.

Ni mimi niliyesema tulifungie injini ya pikipiki kubwa. Klachi ya pikipiki ni ya mkono, mafuta unavuta kwa mkono, na gia zake zinafuatana moja baada ya nyingine, kwa hiyo mkono mmoja wa gia unatosha. Breki nayo tukaitengenezea mkono wake. Miguu haikuwa na kazi yoyote. Gia ya kurudi nyuma haikuwepo, kwa kuwa pikipiki haina. Bi Zuhura alipoambiwa hivyo alicheka.

"Kurudi nyuma nina haja gani? Nitaingilia mtaa huu, nitatokea ule."

Mpaka hapo nilikuwa na akili. Kosa langu lilikuwa moja, na ukubwa wake haukuzidi daftari la shule.

Injini ya aina ile hupozwa na upepo pamoja na oili yake yenyewe. Kwenye pikipiki inakaa wazi. Mimi nilikuwa nimeificha nyuma ya viti. Ikahitaji rejeta ndogo ya oili: oili ya moto inatoka kwenye injini, inapita kwenye vibomba vyembamba, inapoa, inarudi. Swali ni uifunge wapi. Niliifunga mbele kabisa, kwenye mdomo wa gari. Nilikuwa nimeona picha ya magari ya mashindano yenye kitu kama kile mdomoni, kinang'aa. Nikwambie kweli, nilitaka watu waione. Mipira ya oili ikalazimika kupita urefu wote wa gari, na kule nyuma ikapita jirani na ekzosi, bomba la kutolea moshi.

Jumapili alfajiri nikalijaribu kwenye barabara ya ufukweni, kuanzia Feri. Barabara tupu, upepo wa bahari usoni. Geji ya joto haikufika hata nusu. Nilirudi gereji naimba.

Kesho yake Bi Zuhura akaingia barabarani. Foleni ilikuwa nzito kiasi kwamba nilimfuata kwa miguu na hakuniacha. Vijana wa kandokando walifurahi.

"Oya, pikipiki imevaa koti!"

"Shikamoo mama. Hiyo chai ikichemka utuite."

"Marahaba. Leteni vikombe," akawajibu, amekaa wima kama bibi harusi.

Alipofika karibu na Karume, gari halikuwa limekimbia hata hatua kumi za kupata upepo. Oili ikachemka, mpira ukalainika, ukaanza kuvuja juu ya ekzosi. Moshi mweupe ukajaa ndani. Magongo yake yalikuwa yamebanwa nyuma ya kiti, hakuyafikia. Ndipo wapagazi wakakimbilia.

Wakamweka kwenye kizingiti cha duka la vitambaa. Nikapiga magoti mbele yake, na neno la kwanza lililonitoka lilikuwa la kujitetea.

"Ni foleni, Bi Zuhura. Gari lenyewe halina kosa. Likipata barabara nzuri..."

"Ulilijaribu wapi, baba?"

"Barabara ya Feri."

"Saa ngapi?"

"Alfajiri."

Akafunga upya kanga yake taratibu. "Mteja akija kupima gauni, simpimi amesimama tu. Namwambia akae, ainue mikono, ainame, kwa sababu harusini atakaa na atacheza. Wewe umelipima gari langu likikimbia. Mimi nitaishi nalo kwenye foleni." Akajipangusa uso. "Kesho napanda basi. Nitabebwa. Mpaka lini, unajua wewe."

Hakupaza sauti. Angenitukana, usiku ule ningepata usingizi.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda dukani kwake nikaomba nyuzi nyekundu. Akanipa bila kuuliza. Tulipokwisha kubadilisha mpira, nikafunga vipande vya uzi kila mahali, vituonyeshe hewa inakopita: mdomoni, ubavuni, nyuma ya milango, juu ya injini. Nikaliingiza gari Uhuru saa saba mchana, Mzee Ligunda kando yangu na daftari, na kila joto lilipokaribia kuzidi, tulizima tukasubiri. Siku tatu tulifanya hivyo.

Nyuzi zikatufundisha. Za mdomoni zilining'inia zimekufa, na basi liliposimama mbele yetu, moshi wake wa moto ulizipiga usoni. Za juu ya injini zilicheza kuelekea juu. Lakini ubavuni kushoto, nyuma ya mlango, nyuzi zilivutwa ndani, polepole, hata gari liliposimama kabisa. Joto lilipopanda juu lilikuwa likivuta hewa kutoka pale.

Nikaihamishia rejeta pale, mbali na ekzosi, juu kiasi kwamba mashimo ya barabara hayaifikii, mipira mifupi, na feni ndogo ya kuvuta hewa ya nje. Mdomo wa mbele nikauziba kwa bati.

Mzee Ligunda akalizunguka gari mara mbili. "Sasa haionekani."

"Haionekani, mzee."

"Haya."

Bi Zuhura alilijaribu siku mbili kabla ya Idi, Kariakoo ikiwa haina pa kuweka mguu. Nilikaa kando yake, macho kwenye geji. Mshale ukapanda, ukapita nusu, akawasha feni, ukapanda kidogo tena, ukasimama. Tulitumia zaidi ya saa nzima kutoka Karume hadi Msimbazi. Mshale haukusogea. Mbele ya duka mpagazi mmoja wa siku ile akamtambua, akaja mbio mikono mbele.

"Mama, nikubebe?"

"Nibebee kitambaa," akasema. Akachukua magongo, ambayo sasa yalikuwa yamefungwa kando ya mkono wake, akashuka.

Kwa hiyo, mwanangu, ukitengeneza kitu cha mtu, usikijaribu mahali kinapokupendezesha wewe. Kipeleke mahali mwenyewe atakapokitumia, saa ile ile, kwenye joto na msongamano ule ule. Usiilaumu barabara, uliijua tangu mwanzo. Na ukikosea, usiseme sana. Omba uzi, rudi barabarani, tazama, andika, anza tena.

Mungu akupe mikono thabiti na moyo wa kurudia kazi, na kila utakayempandisha kwenye kazi yako ashuke mwenyewe, kwa miguu yake au kwa magongo yake.