Fundi wa keria aliyeikata ndege ya Mzee Rwezaura

Saa moja asubuhi, ukungu bado umekalia malisho ya Songambele, wilayani Kyerwa. Ndani ya banda la mabati, Jovitus Mwebesa amelala chali chini ya ndege. Hana haraka. Anapapasa bomba la chuma kwa kidole gumba, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye unyayo wa mtoto.

"Hapa ndipo nilipokata," anasema. "Ilikuwa ndege nzima. Nikaifanya vipande viwili."

Mwebesa (44) hakusomea ndege. Mji mdogo wa Kaisho, jirani na hapo, unamjua kwa keria za baiskeli. Baiskeli za huko hubeba ndizi, na keria ya dukani haimudu mikungu, kwa hiyo yeye huirefusha na kuichomelea vyuma vya pembeni. Kazi ikiisha, hupakia mzigo na kuteremka nao mlima yeye mwenyewe, mwenye baiskeli akitazama. Ikikatika, imkatikie fundi.

Ndege ni ya Mzee Rwezaura (71), mfugaji aliyefanya kazi ya urubani hadi alipostaafu. Ni ya zamani kuliko fundi wake: mifupa ya mabomba, mabawa ya mbao, ngozi ya kitambaa, viti viwili. Ililetwa kwa lori, na hamu ya mzee ni moja: ibebe wagonjwa kutoka malishoni mvua inapofunga njia.

"Lakini mgonjwa halali kwenye kiti," anasema Rwezaura. "Mama mwenye uchungu nimkalishe wima kama anakwenda harusini?"

Kwa hiyo kiwiliwili kilihitaji kurefushwa ili machela iingie, na mabawa yarefuke ili yainue uzito ulioongezeka. Mhandisi wa ndege kutoka Mwanza alichora michoro, na huja kukagua kila hatua. Mkono wa kukata na kuunga ni wa Mwebesa. Malipo yake ni mtamba mmoja, atakayetoka zizini siku ndege itakapopaa.

Kaisho walicheka. "Fundi, hiyo itabeba mikungu mingapi?" walimuuliza kijiweni. Mwingine akasema mzee ametoa ndege ikachinjwe. Kucheka ni kazi nyepesi, haitaki gesi wala jasho.

Lakini neno hilo la kuchinja lilimwingia. "Keria ikiharibika, nanunua chuma kingine," anasema. "Hii iko moja, na mzee naye umri unakwenda. Isiporuka, itasemwa ni mimi niliyeiua."

Kiwiliwili na mabawa vilipoungwa, ndege ilipaswa kupimwa uzito, magurudumu ya mbele na mkia, kila kimoja kwenye mizani yake. Wakaazima mizani za ghala la kahawa, na karani wake, Vero, akaja kusoma. Alisoma, akaandika, akaenda zake. Hesabu zilikaa vizuri.

Wiki iliyofuata Rwezaura akaiendesha ardhini, kwa kibali cha kukimbia tu, bila kuruka. Ng'ombe walisogezwa. Injini ikanguruma, ndege ikashika mbio kwenye majani mafupi. Mkia wake ulipaswa kuinuka. Haukuinuka. Uliburuzika chini hadi mzee alipozima injini.

"Alishuka, hakunitazama," anasema Mwebesa. "Akaenda kuangalia ng'ombe wake. Afadhali angenitukana."

Mwebesa aliujua ugonjwa huo. Ukifunga mkungu kwenye ncha ya keria ndefu, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na baiskeli inataka kusimama. Mkia ulikuwa mzito. Lakini mbona mizani ilisema sivyo? Akapanda baiskeli hadi ghalani.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Ile namba ya mkia, ndiyo uliyoiona kwenye mizani?"

"Ndiyo. Baada ya kukata."

"Kukata nini?"

"Unyevu," Vero akajibu, akimshangaa. "Si ilikuwa inanyesha? Masika kila gunia tunakata. Nimekata kilo tano tano, sikuwapendelea."

Mwebesa alikaa juu ya gunia, akacheka mpaka machozi. "Mama yangu kahawa yake imekatwa maji miaka yote," anasema. "Sasa na ndege!"

Kilo tano kwenye magurudumu ya mbele hazikusumbua sana. Kilo tano mkiani, mbali vile, ziliharibu hesabu yote. Mhandisi akapiga hesabu upya: injini isogezwe mbele kidogo, irudishe usawa. Maana yake, kukata tena.

Safari hii Mwebesa hakuthubutu kushika msumeno kabla ya kuuliza. Akamfuata Rwezaura zizini, akamweleza habari ya Vero, kisha akasema: "Mzee, ukisema basi, nitaelewa."

Rwezaura alifunga lango la zizi. "Ng'ombe akipasuliwa nusu hashonwi nusu," akasema. "Kata, waitu, ndugu yangu."

Sasa injini imesogezwa, na ndege imepimwa upya. Vero ndiye aliyesoma tena, kwa sauti, banda zima likiitikia: "Bila kukata!" Juzi, ikikimbia malishoni, mkia uliinuka na kubaki juu.

Kinachosubiriwa ni mkaguzi wa serikali. Akiridhika, Rwezaura ataruka peke yake, na kwenye machela itafungwa mikungu yenye uzito wa mtu.

Mwebesa alitaka kulala hapo yeye mwenyewe. Sheria haitaki abiria katika majaribio. "Na mimi sitaki," anadakia mkewe, Kemilembe, aliyeleta uji. "Mtamba sijamwona, halafu nibaki mjane?"

Fundi anacheka. Mikungu itangulie, amekubali. Lakini ameshamwahidisha mzee jambo moja: kibali kikitoka, kabla ya mgonjwa yeyote, machela ni yake.

"Mwenye baiskeli anaweza kushuka akaangalia nilivyounga," anasema, akirudi chini ya ndege. "Mgonjwa hawezi. Kwa hiyo nitalala hapo mimi kwanza."