Seng'enge ya Ng'ambo ya Mto

Kaka yangu alihama Majengo, Nairobi, kwa sababu ya kamba ya nguo. Ua wetu ulikuwa na vyumba vingi, kila mlango na kamba yake, na asubuhi moja akakuta suruali yake ya kazini imeangushwa mtaroni ili ya mwingine ipate nafasi. Akaiokota, akaikamua, akasema hawezi kuzeekea mahali ambapo mtu hana hata pa kuanika. Wapangaji wakacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa dereva wa lori wa ghala moja pale Industrial Area, na katika safari zake za barabara ya Mombasa alikuwa ameshaona nchi tambarare ng'ambo ya mto Athi, nyasi mpaka macho yachoke. Kabla ya mwaka kwisha akawa amekatiwa kipande huko, na akamchukua mkewe wakaenda kujenga.

Mimi na mama tulibaki Majengo. Mama alipika mahamri asubuhi na viazi karai jioni. Mimi nilishona sare za shule kwenye kibanda kimoja cha Gikomba. Jumamosi nikimaliza kazi mapema nilipanda basi kwenda kulala kwa wifi yangu. Alikuwa mtu wa Kakamega, amesilimu alipoolewa, na tangu aje mjini alikuwa hajashika jembe. Ukimwona huko ng'ambo ungedhani ameachiliwa kutoka jela.

Mahali walipojenga walipachagua kwa kuwa palikuwa peupe. Pande zote kulikuwa na nyasi na vichaka vya miiba, lakini pale katikati ardhi ilikuwa imeshindiliwa kama sakafu, ukanda mpana unaokwenda hadi mtoni. Wakaona ni bahati, hakuna haja ya kufyeka. Mmaasai aliyewauzia aliwaambia jambo moja tu, kwamba kiangazi wanyama hupita hapo.

"Watapita pembeni," kaka alimjibu. "Nchi ni kubwa."

Yule mtu akakunja pesa zake akaondoka.

Nilikuwapo walipopita mara ya kwanza. Nilifungua mlango alfajiri nipate maji ya kutawadha nikakuta nyumbu wamejipanga mstari, mmoja nyuma ya mkia wa mwingine, wanatoka upande wa nyanda na kuelekea mtoni, na mstari wenyewe unapita kati ya nyumba na choo. Nyuma yao punda milia, halafu kongoni. Hawakukimbia waliponiona. Walichepuka kidogo, wakarudi mstarini. Kaka alinieleza baadaye, maana dereva husikia mengi njiani, kwamba mbuga ya Nairobi imezungushiwa ua upande wa mji, lakini upande wa kusini, ng'ambo ya mto wetu, iko wazi. Mvua ikinyesha wanyama hutoka kwenda nyandani kula nyasi changa na kuzaa. Nchi ikikauka hurudi mbugani, kwenye maji yasiyokauka. Sisi tulikuwa tumejenga mlangoni mwao.

Mahindi ya wifi yalikanyagwa yote, na maharagwe pia. Hakulia. Aliokota yaliyofaa, akamwambia kaka, "Weka ua."

Kaka akaweka seng'enge na nguzo za miti ya miiba. Jirani wa kulia, mwalimu mstaafu, naye akaweka. Wakaja wengine, kila mmoja akafunga chake, na hapakuwa na aliyefanya kosa, maana kila mtu alikuwa na shamba lake la kulinda. Kiangazi kilichofuata wanyama walizunguka, wakapata upenyo mmoja upande wa kushoto, wakapita hapo wakisukumana mpaka vumbi likaingia ndani ya vyombo. Halafu kipande kile cha upenyo kikanunuliwa na mfanyabiashara aliyekaa mjini. Huyo hakuhangaika na waya. Alileta mafundi wakajenga ukuta wa mawe.

Mvua za mwaka uliofuata hazikuja. Ndio mwaka tuliokula unga wa mahindi ya manjano ya msaada, tukapanga foleni kuupata. Nilipofika kwa wifi nilimkuta amesimama dirishani.

"Njoo uone," akasema. "Tangu jana wanasimama tu."

Walikuwa upande wa pili wa seng'enge. Nyumbu, wengi, na ndama wao. Mto ulikuwa karibu, hata sisi tulisikia harufu ya tope lake, na wao walikuwa wameelekeza pua huko. Hawakulia wala kupigana. Mara mmoja alisogea akagusa waya kwa kifua, akarudi nyuma, akasimama tena. Siku ile yote nilijaribu kufanya kazi nimewapa mgongo, lakini mtu akitazamwa hujua.

Walianza kuanguka. Tai wakaja, na baada ya tai wakaja watu na pikapu. Tuliwaona asubuhi, mimi na wifi, wanaume wenye visu wanachuna ngozi kando ya ua wetu bila haraka, kama watu walioajiriwa hapo. Wifi akatoka akawauliza wanafanya nini.

"Sisi hatujaua, mama," akajibu mmoja, na alikuwa na adabu kabisa. "Tumewakuta wamekufa. Waya wenu ndio umechinja."

Wifi alirudi ndani akakaa juu ya kitanda.

Wiki hiyohiyo, Majengo, akaja mtu na beseni lililofunikwa gunia, anauza nyama mlango kwa mlango, rahisi kuliko buchari yoyote. Nyama ilikuwa haijaonekana uani kwa muda mrefu. Mama alifunua gunia, akabonyeza kipande kwa kidole. Mafuta yake yalikuwa ya manjano.

"Imechinjwa wapi hii?"

"Buchari, mama."

"Buchari ipi?"

Yule mtu akafunika beseni akaenda mlango wa pili. Huko hawakuuliza. Jioni ua mzima ulinukia mchuzi, na watoto walikuwa wakiimba. Nilikuwa nimeshamsimulia mama habari za pikapu. Akaninong'oneza, "Kibudu. Hakikuchinjwa," kisha akafunga mlango na kuziba chini yake kwa kitambaa, na tukakaa humo ndani kwenye joto.

Wifi alikuwa na punda wa kubebea maji. Nilipokwenda tena, kamba ya punda ilikuwa imebaki mtini na damu imeburutwa hadi kwenye seng'enge. Simba alikuwa amefuata mizoga, na mizoga ilipopungua akaingia uani kulipopambazuka, wifi akiwa jikoni, mlango wa jiko ukiwa wazi. Alisikia punda akikoroma mara moja tu. Alinionyesha alipokuwa ameketi na alipokuwa punda. Ni umbali wa kupeana chumvi.

Alikuwa na mimba changa wakati huo. Kaka aliporudi safarini hakupewa hata chai.

"Uutoe waya," wifi akamwambia, "au utaniondoa mimi hapa."

"Na mahindi?"

"Mahindi gani? Yako wapi?"

Tuliutoa asubuhi ileile, kaka na mimi, kwa koleo, mikono imefungwa magunia. Mwalimu wa kulia alitazama, kisha akaja na koleo lake akafungua upande wake. Kaka alikwenda mjini kumwona mwenye ukuta, amwombe abomoe sehemu ndogo tu. Alipokewa vizuri, akapewa soda. Mwenye ukuta akamwambia kwamba wanyama ni wa serikali, basi aende serikalini.

Nyumbu waliobaki walipita kwetu mchana kweupe, wamedhoofika, wanajikwaa. Wachache waliufikia mto. Wengine waliugonga ukuta wakaufuata, na ukuta ukawapeleka barabarani, kwenye malori. Kaka aliacha zamu ya Mombasa baada ya hapo, akaomba za ndani ya mji.

Mvua zilirudi. Wifi alijifungua salama, mtoto wa kike. Kiangazi kilipofika tulingoja. Kaka alikuwa ameacha ukanda ule mpana bila kulima, kutoka nyuma ya choo hadi mtoni, na mwenye ukuta alipotuma mtu kutaka kuununua alimkatalia. Hakupita mnyama. Mwaka mwingine pia hakupita. Nyasi zikaota pale palipokuwa pameshindiliwa, zikafika kiunoni, na wifi akaanza kuogopa nyoka, mtoto akiwa anatambaa.

Mwishowe kaka alikubali zichomwe. Tulizunguka na matawi mabichi kuzuia moto usifike nyumbani. Ulishika haraka ukateremka na upepo kuelekea mtoni, sisi tukiwa tayari kwa chochote kitakachotoka mbele yake, ngiri, sungura, hata panya. Hakikutoka kitu. Wifi alisimama na tawi lake mpaka moshi ukaisha, kisha akaingia ndani kumnyonyesha mtoto.